Baba Amenikuta Napiga Gitaa Sokoni

*Shangazi,*

*Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi karibu na Tengeru, Arusha. Nina gitaa kavu nililonunua kwa fedha za kibarua cha shamba la maua. Tangu Machi napiga na kuimba soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Nina nyimbo saba ninazozimudu vizuri. Siku ya kawaida napata elfu sita, siku nzuri elfu tisa.*

*Yamenikuta mawili. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye mimi husimama mbele ya meza yake kwa sababu pana uwazi, amenifokea mbele za watu kwamba namfukuzia wateja. Halafu Jumamosi iliyofuata baba alileta ndizi sokoni akanikuta. Nilikuwa namaliza wimbo, nawaambia watu kama kawaida yangu, "Jamani, nichangieni chochote, maisha magumu." Baba akanipita kama hanijui. Usiku akaniambia hakunisomesha hadi kidato cha nne ili nije kuombaomba mbele ya wateja wake. Tangu siku hiyo hatuongei.*

*Rafiki yangu anasema shida ni sauti ndogo, ninunue spika ya kuchaji ya laki moja na themanini, nitasikika soko zima na watu wataniheshimu. Imebaki elfu arobaini niifikie. Ninunue, au niachane na muziki?*

*Mpiga gitaa, Tengeru*

Mwanangu, usinunue spika, na muziki usiuache. Hiyo laki na arobaini uliyokwisha kuweka akiba, tutaizungumzia mbele kidogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale: nyimbo saba, kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Hebu piga hesabu pamoja nami. Mnunuzi anayepita na kikapu anakusikia nusu dakika, dakika moja akiwa na nafasi, kisha anakwenda kwenye viazi. Yule mama wa nyanya anakusikia saa sita. Kila wimbo wako ameusikia zaidi ya mara kumi kwa siku, na Jumatano ukirudi anaanza upya. Wewe umekuwa ukiwaimbia wapita njia, kumbe wasikilizaji wako hasa ni wale waliokaa: wauza nyanya, karoti, maparachichi, na siku nyingine baba yako mwenye ndizi zake. Hao ndio wanaokaa nawe tangu unapofika mpaka unapoondoka, na hao wawili waliokukasirikia wote ni wauzaji. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati mbaya.

Nianze na mama. Nyanya haina subira. Amenunua tenga alfajiri, labda kwa fedha ya mkopo wa kikundi, amezichagua moja moja na kuzipanga mafungu, ngumu chini, zilizoiva juu ziwake. Jua likifika utosini zile za juu zinaanza kulegea, na kufika saa tisa fungu la elfu moja linauzwa mia tano ili lisirudi nyumbani. Muda wake wa fedha nzuri ni zile saa tatu nne za asubuhi, nawe ndipo unaposimama mbele yake. Watu wakikuzunguka wanafanya nusu duara, nyuso kwako, migongo kwenye nyanya. Mteja wake wa kila wiki akifika anakuta ukuta wa migongo, anavuka upande wa pili. Mama hakudanganya aliposema unamfukuzia wateja. Amekosea kukufokea hadharani, lakini hesabu yake ni sahihi.

Mimi nimekulia chini ya meza ya vitunguu. Mama yangu alikuwa akiuza mnadani huko Dodoma vijijini, na kila mnada alikuja mzee mmoja na zeze lake. Alikuwa anafika kabla ya wanunuzi. Anapita meza hadi meza akisalimia, anauliza nani mgonjwa, nani amepata mjukuu, ndipo anakwenda kukaa chini ya mbuyu, pembeni, mahali watu walipokuwa wanapumzikia. Akianza kupiga, majina ya wale kina mama yamo ndani ya wimbo. Vitunguu vya mama yangu viliimbwa kwamba vinamliza mtu kabla havijakatwa, na watu walikuja wakicheka kuviangalia. Mwaka aliofariki bibi yangu, mzee yule alikaa minada miwili bila kupiga upande wetu. Hakuna aliyemwomba. Jioni mama alikuwa anamtengea fungu la vitunguu na kumpelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Sijawahi kumsikia mtu akimwita mzee yule ombaomba.

Sasa nije kwa baba yako, na hapa nitakuambia jambo usilolipenda. Nadhani gitaa lako hakulisikia vizuri. Alifika mwisho wa wimbo, akasikia maneno: nichangieni chochote, maisha magumu. Mzazi aliyepanda migomba akalipa ada kwa mikungu ya ndizi, amesikia mwanawe akiwatangazia majirani kwamba nyumba yake ina shida. Mwanangu, ningekuwa mimi ningepita pia bila kusalimu, machozi yasinitoke mbele za watu. Jina la ombaomba hukupewa na gitaa. Ulijipa mwenyewe kwa sentensi moja, tena ya kuzoea tu, ambayo hata wewe huenda huisikii tena ukiisema.

Iache leo. Kwetu sisi mwanamuziki kupewa fedha mkononi ni jambo la heshima na lina jina lake: kutuza. Nenda kwenye taarabu uone kina mama wanavyonyanyuka na noti, wanacheza taratibu hadi kwa mwimbaji, wanamtuza na kurudi kitini wakiwa wamejaa. Mwimbaji haombi wala halii njaa. Anaimba, nao wanatuza kwa sababu wameguswa. Weka kikapu chako pembeni ya mguu, kionekane bila kumzuia mtu njia, na ukimaliza wimbo sema "ahsanteni", taja jina lako, endelea. Mwuza tikiti hukata vipande vya kuonja, mmoja ananunua, mwingine anashukuru na kwenda zake, na mwuza tikiti habadiliki uso. Nawe fanya hivyo hivyo kwa asiyetoa.

Baba yako akipoa, na atapoa, unaweza kumkumbusha Siti binti Saad. Msichana wa Fumba, Unguja, alizunguka mjini akiuza vyungu na kuvitangaza kwa sauti yake. Sauti hiyo ya kuuzia vyungu ndiyo iliyokuja kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kama baba ni mtu wa magitaa kuliko taarabu, mtajie Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, mtu mmoja na gitaa kavu moja, bila umeme wala bendi, na wapiga gitaa wa Kenya na Kongo wakahangaika miaka mingi kuviiga vidole vyake. Wazee wengi wa umri wa baba yako wanalijua gitaa la namna hiyo. Wanaliheshimu kuliko unavyodhani.

Ndiyo maana spika siitaki. Soko limeshajaa spika: dawa ya panya, kunguni na mende upande huu, mtumba wa mia tano upande ule, kila moja ikirudia rekodi yake mpaka betri iishe. Ukiongeza yako utakuwa umeingia kwenye vita ambavyo mwenye spika kubwa zaidi ndiye mshindi, na mama wa nyanya atakuwa na kelele nyingine ya saa sita. Gitaa kavu lina faida moja ambayo rafiki yako haioni: aliye karibu anasikia, na aliye mbali anaweza kuendelea kupatana bei bila kupiga kelele.

Kinachokupotezea sauti ni mahali. Umesema umechagua penye uwazi, na uwazi ndio unaoila. Nje hakuna kitu kinachoirudisha sauti kwa msikilizaji, inatawanyika tu, na besi ndiyo hufa kwanza. Tafuta ukuta au duka lililofungwa, uupe mgongo wako hatua moja au mbili, sauti yote iende mbele. Bora zaidi uwe karibu na mama lishe. Pale watu wamekaa, wana chai na chapati, wana robo saa nzima. Mteja mwenye kikombe mkononi anasikiliza hadi ubeti wa mwisho, na hazuii meza ya mtu. Muulize mwenye jiko kwanza, na unywe chai yake kwa kulipia.

Panga nyimbo upya. Sokoni kiitikio kitangulie, kwa sababu anayepita hawezi kusubiri beti mbili ndipo ajue unaimba nini. Ongeza nyimbo zifike angalau ishirini, zako mwenyewe zikiwemo. Usipige saa sita mfululizo. Piga nusu saa, nyamaza nusu saa, na saa saba funga mfuko. Hutapoteza fedha nyingi, na koo lako litakushukuru. Kama una rafiki mwenye mikono mitulivu, mpe chupa ya soda na kijiti. George Mukabi na wapiga gitaa wenzake wa Magharibi mwa Kenya waliipa chupa tupu kazi ya ngoma, na mlio wake unapenya kelele za soko kuliko ngoma yenyewe. Gitaa lisikae juani hata unapopumzika. Joto hulegeza nyuzi za chuma na sauti inashuka, na likizidi hulegeza gundi ya daraja, likaanza kunyanyuka taratibu bila wewe kuona.

Ile akiba itoe nyuzi mpya seti mbili na mfuko mzuri wa kubebea. Inayobaki iweke. Pia pita kwa uongozi wa soko, ueleze unachofanya na uulize unapaswa kulipia nini. Hata kama ni kidogo, kilipe na stakabadhi uitunze. Mwenye stakabadhi hahamishwi na mgambo kama mzigo. Ofisi ya utamaduni ya Halmashauri ya Meru itakuelekeza habari za kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Kwa baba usiende na hotuba. Mwambie umekosa kwa yale maneno, kwamba hutayasema tena, na kwamba muziki utaendelea nao. Nyamaza hapo. Akikujibu vibaya, siku ya pili mwamkie kama kawaida. Asubuhi ya gulio mbebee mikungu hadi sokoni kabla hujagusa gitaa, lakini usimtake akae kukusikiliza. Ana ndizi za kuuza.

Kwa mama wa nyanya nenda Jumamosi hii mapema, wakati matenga yanashushwa. Mwamkie, mwombe radhi, mshike upande mmoja wa tenga. Mwambie unahamia kwa mama lishe. Pengine hatajibu kitu, ana kazi. Saa saba ukishafunga mfuko, rudi ukanunue fungu lake moja, kwa bei ile anayomwuzia kila mtu, na usiombe nyongeza.