Kubana Matumizi Bila Kumpunja Mtoto
Kijitabu cha kaya za Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe hauna njaa. Malori ya viazi na mahindi hupita Makambako usiku na mchana, na maparachichi ya hapa huliwa hadi Ulaya. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa Tanzania nzima ni kama 30 katika kila 100. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, huugua mara kwa mara, na darasani huelewa kwa shida kwa sababu ubongo ulikosa vya kujijengea mapema. Wengi wa watoto hawa hawalali na njaa. Hulala wameshiba ugali mtupu, au viazi na chai.

Kwa hiyo hatutawaambia mle kidogo. Tunachowaomba ni kuangalia fedha ya chakula inapotelea wapi, kisha kuihamishia kwenye vile vichache ambavyo sahani ya hapa inavikosa.

Hesabu kabla mnunuzi hajafika

Hasara kubwa ya kaya haitokei dukani. Hutokea kati ya Juni na Agosti, mahindi yanapotoka shambani na bei iko chini, huku deni la mbolea na michango ya shule vikisubiri. Kaya huuza karibu yote. Ifikapo Januari hadi Machi, wakati mapya bado yako shambani, kaya hiyo hiyo hununua mahindi kwa bei ya juu, tena kwa kisado.

Pimeni debe moja la mahindi, lisageni, kisha muandike siku lilipoanza na siku lilipoisha. Likiwalisha wiki mbili, mwaka mzima unataka madebe 26. Ongezeni mawili ya wageni na misiba. Hayo ni ya nyumbani, na baba na mama wakubaliane hivyo kabla dalali hajapiga hodi. Kinachozidi ndicho cha kuuza. Maharage nayo yahesabiwe vivyo hivyo; ndiyo nyama ya kila siku ya mtu wa kipato kidogo.

Kwenye viazi, kataeni lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu ya gunia ni viazi ambavyo mnampa mnunuzi bure. Mkulima mmoja akikataa peke yake, mnunuzi humruka na kwenda kwa jirani. Kikundi kizima kikikataa, ataleta mizani.

Mahindi ya akiba yakaushwe sawasawa, maana ukungu wa milima hii hauna huruma. Tieni mahindi kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, ongezeni vijiko vichache vya chumvi kavu, tikiseni vizuri, muache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yakihifadhiwa hivyo huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoisha kwa kupikwa. Mahindi yenye ukungu yasisagwe, na mtoto asipewe kabisa. Anikeni juu ya turubai, si ardhini, na mkiweza tumieni mifuko isiyopitisha hewa; humaliza wadudu bila dawa.

Sokoni

Mwenye fedha kidogo hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei ghali kuliko zote. Tuseme maharage ni shilingi 3,000 kwa kilo na kisado ni 8,000. Kisado kilichojaa hubeba kilo tatu na ushee, kwa hiyo hapo umeokoa zaidi ya 1,000. Lakini kagua kisado chenyewe: vipo vilivyobonyezwa chini. Mafuta ya kupimiwa dukani nayo, ukijumlisha vipimo vya wiki nne, mara nyingi yanazidi bei ya lita nzima. Majirani watatu wakichanga wakanunua dumu moja na kugawana, kila mmoja anapata nafuu.

Unga ni mahali pengine pa kuokoa. Mahindi yakikobolewa unalipia kukoboa, unapoteza uzito unaokwenda kwenye pumba, na pamoja na pumba kinaondoka kiini chenye mafuta, vitamini na madini. Kuku na nguruwe wanakula kilicho bora, nyie mnabaki na weupe. Dona ni rahisi na inalisha zaidi. Ila haikai sana, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Sageni ya wiki moja au mbili.

Fedha iliyookolewa iende wapi

Iende kwenye vyakula vya asili ya wanyama. Hapo ndipo sahani ya Njombe inapopwaya, na hapo ndipo watu hukata kwanza mambo yakibana. Nyama ya kilo si lazima. Dagaa wa Ziwa Nyasa au wa Mwanza ndio protini isiyohitaji friji: chagueni wakavu, wasio na mchanga wala harufu kali, waosheni, wakaangeni bila mafuta, muwatwange. Kijiko cha unga huo ndani ya uji au mboga ya mtoto kila siku kina kazi kubwa kuliko kipande cha nyama ya Krismasi. Simbilisi na sungura hula majani ya bustanini na kuzaa haraka. Na yai? Huuzwa dukani, kisha fedha yake inanunua soda ya mtoto yule yule. Biashara hiyo tunaipinga waziwazi. Mpeni yai.

Maparachichi yanayokataliwa na wasafirishaji kwa sababu ya doa au udogo hayana ubaya wowote ndani. Kuanzia miezi sita, yapondeni mtoto ale. Yana mafuta mazuri, na hapa huuzwa kwa bei ndogo au hugawiwa tu. Majani ya maboga, mnafu, mchicha na figiri vipandwe karibu na maji ya kuoshea vyombo, hasa kwa ajili ya kiangazi.

Kuhusu unga wa lishe wa kununua, wenye mahindi, soya, karanga, ulezi na ngano pamoja: muuzaji husifu wingi wa vitu, lakini soya inataka moto mwingi kuliko mahindi, na karanga zikikaa kwenye unga hupata sumukuvu kwa urahisi. Tumieni nafaka moja, pikeni uji mzito, kisha ongezeni maziwa, dagaa waliotwangwa au karanga nzima mlizochambua na kutwanga siku hiyo. Uji unaomwagika kama maji hujaza tumbo dogo bure. Kabla ya miezi sita, mtoto anyonye tu. Ziwa la mama halinunuliwi.

Chai yetu tunaipenda na baridi inaidai, lakini ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini chuma ya maharage na mboga. Isubiri saa moja baada ya kula. Mama mjamzito azingatie zaidi. Ulanzi, hata ule mtogwa mtamu, huendelea kuchacha kila saa inayopita, na si kinywaji cha mtoto.

Chumvi iwe yenye madini joto, ifunikwe mbali na moshi, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Kuni na mkaa

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa kufunikwa mpaka yalainike kabisa. Kuni zinazookolewa ni nyingi. Magadi huyaivisha haraka lakini huharibu baadhi ya vitamini. Mabanzi ya viwanda vya mbao ni nishati ya bei nafuu, mradi yawe makavu na jiko liwe na tundu la moshi.

Jambo moja la baridi ya Juni na Julai halina mjadala. Baada ya kupika, wengi huingiza jiko la mkaa chumbani ili makaa yaliyobaki yasipotee bure. Mkaa unaofifia hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Jiko lilale nje. Mtu akiamka na kichwa kinamuuma, anatapika au miguu haina nguvu, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje mara moja pamoja na wote waliolala humo, mpelekeni kituo cha afya hata akisema amepata nafuu, na mwelezeni mhudumu kwamba jiko lilikuwa ndani.