Juu ya Maendelezo ya Maneno

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri ameniomba niandike somo fupi juu ya maendelezo ya maneno, yaani namna ya kuandika maneno kwa herufi zake zilizo sawa, jambo ambalo siku hizi twaliita tahajia. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu ya daftari langu. Tangu Kidato cha Pili nimekuwa nikiandika humo kila kosa nilionalo kwenye ubao wa matangazo, kwenye vibao vya maduka, kwenye magunia ya mahindi, hata katika barua ambazo wenzangu walinionyesha kwa wema wao. Daftari hilo limenipatia jina la utani huko bwenini, nalo sitalitaja hapa.

Nitaanza na makosa yenye kudhuru, maana si makosa yote yaliyo na uzito mmoja.

Katika hayo nalitanguliza kosa la h. Muhula uliopita mwalimu wetu wa darasa aliniita akanionyesha simu yake. Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, basi wazazi wetu hutuma habari kwa walimu. Shangazi yangu alikuwa ameandika hivi: "Mwambieni bibi yake hana nafuu." Bibi alikuwa mgonjwa tangu nilipoondoka nyumbani. Mwalimu alijaribu kupiga mara tatu, lakini simu ya shangazi ilikuwa imezimwa, kwa kuwa huko kwetu watu huenda kuchaji dukani. Usiku ule sikulala. Kesho yake saa nne shangazi akapatikana. Bibi alikuwa ameketi uani akichambua maharage. "Mbona nimeandika kwamba ana nafuu?" akasema shangazi, naye akashangaa sana kusikia nalia.

Tangu siku hiyo nimeichunguza herufi h, nami nimegundua jambo ambalo yafaa kila mwanafunzi alijue. Mara nyingi Kiswahili hujilinda chenyewe. Tukisema anakuja, kinyume chake ni haji. Tukisema alikuja, kinyume chake ni hakuja. Amekuja huwa hajaja. Hapo mtu akiisahau h, au akiiongeza pasipo haja, bado msomaji ataelewa, maana kati ya neno au mwisho wake pamebadilika pia. Tena katika wingi watakuja huwa hawatakuja, na tofauti ni silabi nzima. Lakini yako mahali machache ambapo h peke yake ndiyo hubeba kukana kote: ana na hana, atakuja na hatakuja, ataweza na hataweza. Mahali hapo ndipo pa kusimamisha kalamu na kusoma tena. Desturi ya kuandika "hamefika" na "akuna" huonekana kama mchezo, lakini mtu aliyeizoea ataandika pia "hana" akitaka kusema ana.

Ya pili ni r na l. Katika daftari langu ninazo mifano zaidi ya arobaini, nami nachagua michache. Tangazo moja liliwaita wanafunzi wote bwaloni "kupiga kula", na wengi walikwenda na sahani. Mtu aliyeombwa kuandika risala ya mahafali aliandika kwamba wazazi wana "fahali" kubwa kwa watoto wao. Huku kwetu, wazazi wenye fahali mkubwa wapo kweli, lakini sivyo alivyokusudia. Yuko pia aliyeandika barua ya kuuliza "mahari" pa kukutana, na wazee waliposomewa wakaanza kuhesabu ng'ombe. Wenzetu ambao lugha za nyumbani kwao hazizitofautishi sauti hizi mbili hupata taabu ya kweli, wala si wavivu. Sisi tusemao Kiiraqw tunazo r na l zote mbili, basi tusijisifu. Kosa letu liko kwingine. Kiiraqw hakina z wala v, nami mwenyewe mpaka darasa la nne nilikuwa nikiandika "sawadi".

Hapo twafika kwenye sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu. Mtu aandikaye z mahali pa dh, au s mahali pa th, aghalabu husameheka, maana "zambi" na "azabu" hueleweka. Lakini zana ni vyombo vya kazi, na dhana ni wazo. Samani ni meza na viti, na thamani ni kima cha kitu. Mwanafunzi wa Kilimo aliyeandika kwamba wakulima wa Mbulu wana upungufu wa "dhana" aliwatukana wakulima pasipo kujua. Sina dawa ya makosa haya ila kusoma, tena kusoma kwa sauti.

Makosa mengine huniudhi, lakini hayajamdhuru mtu. Mtu "yoyote" badala ya yeyote. "Ndio" kwa kukubali badala ya ndiyo. Haya yana kanuni rahisi: yeyote ni wa mtu, nguo ni yoyote, mti huu ndio, nyumba hii ndiyo, na mwenye kuitikia husema ndiyo. Ngombe bila alama yake ya juu. Katika hili hata Hanang' yetu ina matatizo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlimani yalipoukumba mji wa Katesh na vijiji vya karibu, jina la wilaya ile liliandikwa nchi nzima, nasi tukaliona kwa namna mbili, wengine wakiweka alama mwishoni na wengine wakiiacha. Siku zile hakuna aliyejali, wala mimi sikujali.

Kisha kuna "masaa". Kwa muda mrefu neno hili lilinikera kuliko yote, maana tumefundishwa kwamba saa haina wingi wa ma-. Nilimsahihisha konda wa basi aliyesema tutachelewa masaa mawili. Akanijibu, "Ningesema saa mbili, ungedhani tunafika saa mbili." Nilinyamaza mpaka tukafika Dongobesh. Kwa kweli saa mbili yaweza kuwa muda, na yaweza kuwa wakati. Katika mtihani nitaandika "muda wa saa mbili", lakini neno la konda nimelifuta katika daftari.

Juu ya vijana waandikao "xaxa" kwa sasa na "cjui" kwa sijui, nitasema jambo moja tu. Katika maandishi ya Kiiraqw, herufi x ni sauti ya kooni iliyo karibu na kh. Basi mzee aliyezoea kusoma lugha hiyo akipokea ujumbe wako wa "xaxa", atadhani umekabwa na mfupa.

Sasa, siku moja nilimpelekea mwalimu wetu wa Kiswahili daftari langu nikitumaini atanisifu. Alilipitia lote, kisha akaniuliza swali moja: "Haya yote ni makosa kwa amri ya nani?" Sikuwa na jibu, akaniamuru nikasome. Niliyoyapata ni haya.

Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Walipokuja Wazungu, kila mmoja aliandika kwa masikio ya kwao. Wajerumani waliandika Aruscha, Moschi, Bagamojo na Udschidschi, na kwao hayo yalikuwa maendelezo safi kabisa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, ukakiacha Kimvita cha hapo hapo Mombasa. Mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, nayo ikawa yakagua vitabu vya shule na kupatanisha tahajia. Baraza la Kiswahili la Taifa, ndilo BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Kwa hiyo tunasema njoo kwa sababu Kiunguja husema njoo. Mtu wa Mombasa kwa lahaja yake husema ndoo, nasi tukimsikia twaweza kumletea ndoo ya maji. Hakukosea yeye, walioketi mkutanoni walichagua kwingine.

Sikusudii kusema kwamba kila mtu aandike apendavyo. Mapatano ni mapatano, na pasipo hayo ujumbe wa shangazi ungekuwa na maana kumi badala ya mbili. Lakini mwalimu alitaka nijue kwamba mapatano hayo yalifanywa kwa ajili ya Kiswahili, nayo hayana herufi kwa kila sauti itamkwayo katika nchi hii. Jambo hilo nilikuja kulielewa kwa njia isiyonipendeza.

Mwanzoni mwa mwaka tulisomewa orodha ya majina ya watahiniwa wa Kidato cha Nne, kila mtu ahakikishe lake. Jina langu la tatu ni la babu, naye aliitwa Tluway, yaani mvua. Ni jina la kawaida huku kwetu. Katika orodha nilikuwa Thuway. Nikatoa cheti cha kuzaliwa: huko ni Tluway. Nikatafuta karatasi za shule ya msingi: Tluwai. Mtu mmoja, majina matatu.

Wako watakaouliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba cheti cha mtihani, cheti cha kuzaliwa na fomu ya kuomba mkopo wa chuo hulinganishwa herufi kwa herufi, na mahali ambapo "thamani" na "samani" husahihishwa kwa kalamu nyekundu, jina lisilolingana husahihishwa kwa kiapo mbele ya wakili, pamoja na nauli na ada yake. Kwa mzazi auzaye maharage, hiyo ni debe kadhaa.

Nilikasirika sana, nikawaza ni karani gani aliyeandika vile. Lakini tumhukumu kwa haki. Sauti ya tl haimo katika Kiswahili. Ncha ya ulimi hubanwa juu nyuma ya meno, kisha pumzi hupasuka ikitokea pembeni mwa ulimi. Karani aliyezaliwa pwani au kusini huisikia mara moja tu, mzazi akiwa na haraka na foleni ikiwa ndefu, naye huandika kilicho karibu. Ndivyo pia sl ya slee, yaani ng'ombe, huandikwa s au l au sh. Hh ya majina kama Hhando hupunguzwa ikabaki moja, ingawa Kiiraqw kina h mbili zilizo mbalimbali, moja nyepesi na nyingine ya kutoka kooni. Q ya Qamara hugeuzwa k. Mkwaju ambao huandikwa katikati ya maneno yetu kwa sauti nyingine ya kooni huachwa kabisa, maana karani hudhani ni alama ya "au". Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali na Kioromo, na herufi zake zimekwisha kupangwa. Mwaka 2002 ilitolewa hata kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, iliyotungwa na Maarten Mous, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Roland Kießling. Karani hawezi kuwa nayo mezani. Mzazi naye mara nyingi hajui kwamba ipo.

Nilipokwenda kulalamika, mwalimu aliniuliza, "Na wewe mwenyewe huandikaje?" Nikajibu upesi kwamba naandika sawa. Akalichukua daftari langu la makosa, akaligeuza, akanionyesha jalada. Nilikuwa nimeandika Tluwai, kwa mkono wangu, kama nilivyoandikiwa darasa la kwanza na nisivyowahi kuuliza.

Likizo ya mwezi wa sita nilimwuliza bibi. Yeye hakusoma, lakini nilitaka kusikia. Alilitamka jina lile mara tatu, polepole, akanieleza kwamba babu alizaliwa usiku ambao mvua ilirudi baada ya ukame, na kwamba mwisho wake si i ya haraka bali huvutwa kidogo. Kisha akaniuliza, nami niko shule miaka kumi na moja, kwa nini namwuliza yeye.

Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, mnaweza kufanya leo jambo ambalo mimi nalifanya kwa kuchelewa. Chukueni cheti cha kuzaliwa, mkilinganishe na karatasi za shule ya msingi, herufi kwa herufi. Penye tofauti mwambieni mwalimu wa taaluma mapema, maana mkiwa Kidato cha Nne siku huwa chache. Nanyi wazazi wetu, mnapomwandikisha mtoto, msiridhike kulitamka jina. Liandikeni katika kipande cha karatasi mkampe karani.

Barua yangu ya kuomba marekebisho imekwisha kwenda, pamoja na nakala ya cheti. Hadi ninapoandika haya jibu halijarudi, na kwenye karatasi za mtihani wa majaribio bado naitwa Thuway. Jalada la daftari nimelisahihisha.