Kwa nini fistula nyingine za utumbo hukataa kufunga?

Huenda umemwona mtu aliyepasuliwa tumbo, kisha siku chache baadaye choo au maji ya rangi ya nyongo yakaanza kutoka pale aliposhonwa. Hiyo ni fistula ya utumbo, yaani njia isiyo ya kawaida baina ya utumbo na ngozi. Usiichanganye na ile ya kina mama inayoletwa na uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu.

Nyingi hutokea baada ya upasuaji, mshono wa ndani unapoachia. Mkulima au mfugaji wa Garsen anaweza kufikishwa huko na homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, risasi, au pembe ya fahali.

Mgonjwa akitunzwa vyema, takriban theluthi moja ya fistula hizi hujifunga zenyewe, kwa kawaida katika majuma 4 hadi 6. Isiyofunga ina sababu, nayo lazima itafutwe:

1. Utumbo umeziba mbele ya tundu. Wakulima wa Mto Tana wanajua kwamba mfereji ukizibwa mbele, maji hubomoa ukingo. Utumbo nao ni hivyo hivyo.

2. Kuna jipu, uzi au kipande cha risasi ndani.

3. Ugonjwa wa asili haujatibiwa. Kifua kikuu hushika hata utumbo, na dawa zake humezwa miezi 6 bila kukatiza. Saratani pia huzuia kufunga.

4. Mwili umekosa chakula. Fistula inayotoa zaidi ya nusu lita kwa siku humpotezea mgonjwa maji, chumvi na protini, na kidonda hakiponi bila protini.

5. Njia yenyewe ni fupi na pana, au imeota utando ndani kama wa ngozi.

Basi ufanye nini? Pima kiasi kinachotoka kila siku na ukiandike. Kikiwa kingi, usinywe maji matupu kwa wingi, kwani huzidisha upotevu wa chumvi. Tumia maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitali. Mdomo ukikauka, mkojo ukipungua, homa ikipanda au tumbo likivimba, nenda hospitali siku iyo hiyo.

Usizibe tundu wala usilitie majani. Osha ngozi kwa maji safi, ikaushe, kisha ipake malhamu ya zinki. Muulize daktari kiasi cha mayai, samaki, kunde na maziwa unachoweza kula.

Usikimbilie pia kupasuliwa tena. Isipokuwa kuna dharura, wapasuaji hungoja miezi 3 hadi 6 ili tumbo lilainike na mwili upate nguvu. Kushona mapema mara nyingi huzaa tundu jingine.

Mwisho, tunza barua ya hospitali inayoeleza ulichofanyiwa, uende nayo Hola au Malindi. Mafuriko ya mwaka 2023 yalikata barabara za Tana River. Kliniki yako ikiangukia wakati wa mvua, safiri mapema. Fistula haiponi kwa kubahatisha dawa, bali kwa kujua kinachoizuia kufunga.