Masuke Yaliyoachwa kwa Makusudi

SOMO LA WIKI: FAMILIA NA KRISMASI
Maandiko ya kusoma nyumbani: Ruthu 2:1-18, Walawi 19:9-10, Mathayo 6:1-4, Luka 2:1-24



Niliombwa niandike somo kuhusu familia kutenda wema mtaani wakati wa Krismasi. Nilikubali haraka, halafu usiku nikakosa usingizi. Katika jambo hili hili nimewahi kukosea, na niliyemkosea ni jirani ambaye moshi wa jikoni kwake nauona nikiwa mlangoni kwangu. Kwa hivyo nitaanza na kosa langu, ndipo twende kwa Neno.

Familia yangu inaishi nje kidogo ya Kitale. Tuna shamba dogo la mahindi, na mwaka juzi mavuno yalikuwa mazuri. Mwanzo wa Desemba tuliketi mezani, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, tukakubaliana kwamba Krismasi hiyo hatutakula peke yetu. Tukachagua nyumba tano. Kila nyumba tuliifungia unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni. Watoto walifurahi sana. Kitinda mimba wetu alitoa shilingi 50 zake, akanunua peremende akatia kwa kila mfuko. Tarehe 24 asubuhi tukatoka.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mjane, mshirika mwenzetu, ambaye hufua nguo na kupalilia mashamba ya watu. Ana kijana ambaye wakati huo alikuwa darasa moja na binti yetu, na ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kwenye ibada ya vijana. Tulikaribishwa vizuri. Tukaomba. Halafu mimi nikatoa simu. Nikamwambia mama asimame mlangoni na kijana ashike paketi ya unga mbele yake. Hata nilimwambia kijana, “Cheka kidogo, ni Krismasi!” Akacheka kidogo.

Jioni nikaweka ile picha kwenye grupu la kanisa, na maneno kwamba familia yetu imemtukuza Bwana kwa kutembelea wasiojiweza. Amina zikaingia. Nasema kweli mbele za Mungu, nilikuwa nikifungua simu kila mara kuzihesabu.

Januari shule zikafunguliwa. Jumapili ya kwanza kijana hakuonekana kanisani. Ya pili pia. Ya tatu, tukiwa tunakula, nikasema kwamba vijana wa siku hizi wakishapata chakula cha Krismasi wanarudi nyuma. Binti yangu akaweka kijiko chini, akaniambia, “Baba, hajarudi nyuma. Ni wewe umemfukuza. Ile picha ilifika kwa darasa letu. Sasa wanamwita Unga.”

Hakuna mtu alisema kitu kingine pale mezani.

Nilitaka kwenda kwa yule mama na kuku mmoja nimwombe msamaha. Mke wangu akakataa. “Enda mikono mitupu,” akasema. “Ukibeba kitu utakuwa unanunua msamaha.” Nikaenda hivyo. Mama alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliponijibu hakuwa na hasira. Alisema, “Baba, ule unga tulikula wiki moja ukaisha. Picha bado iko.”

1. Boazi hakuacha tu, aliacha kwa makusudi

Siku hizo ndipo nilisoma kitabu cha Ruthu kama mtu ambaye hajawahi kukisoma. Ruthu ni mjane, ni Mmoabi, mgeni katika mji wa Bethlehemu, na nyumbani ana mama mkwe mjane pia. Ni majira ya mavuno ya shayiri. Anaenda shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji.

Sisi watu wa Kitale hatuhitaji kuelezwa picha hii. Mahindi yakishavunwa, huwa tunawaona akina mama na watoto wakipita na magunia, wakitafuta yaliyobaki kati ya mabua. Wengine wetu huwaacha. Wengine huwafukuza na mbwa. Lakini torati ilikwisha kulisema jambo hili. Katika Walawi 19 Mungu anamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kukusanya yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kwa hivyo Ruthu alipoingia shambani hakuwa akiomba, alikuwa akichukua sehemu ambayo Mungu mwenyewe alimwekea.

Sasa angalia Boazi. Sheria ilimtaka aache yaliyodondoka. Yeye akaenda mbele zaidi. Ukisoma mstari wa 15 na wa 16, utaona anawaamuru vijana wake wachomoe masuke kutoka kwa matita na kuyaangusha makusudi, ili Ruthu ayaokote. Na mara mbili anawakataza wasimfedheheshe wala wasimkemee.

Mpendwa, Boazi angeweza kumwita Ruthu mbele ya wavunaji wote na kumpa gunia. Ingekuwa rahisi zaidi, na watu wangeona. Lakini alitaka Ruthu arudi kwa Naomi jioni akiwa amebeba jasho lake mwenyewe. Na kweli alirudi na kama efa moja ya shayiri, akiwa ameipura kwa mikono yake. Boazi alimpa chakula, na pamoja na chakula akamlindia jina.

Mimi nilitoa unga nikachukua jina la kijana wa watu.

2. Krismasi ilianzia kwa watu wa kuokota masuke

Labda utauliza, Ruthu na Krismasi vinahusiana vipi? Fuata ukoo. Ruthu aliolewa na Boazi, wakamzaa Obedi. Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu katika sura ya kwanza, jina la Ruthu limo. Mji ni ule ule, Bethlehemu, ambao maana yake ni nyumba ya mkate. Mwokozi wetu alizaliwa katika ukoo wa mwanamke aliyewahi kuokota masuke katika mashamba ya mji huo.

Tena, Yesu mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya watu wa kipato kidogo. Luka 2:24 inataja sadaka ambayo Yusufu na Mariamu walipeleka hekaluni, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ukifungua Walawi 12:8 utaona hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Basi kama mimi na simu yangu tungekuwepo Bethlehemu usiku ule, tungempiga Mariamu picha kando ya hori tukaandika chini yake, “wasiojiweza.”

Tunapoenda kwa jirani mhitaji wakati wa Krismasi, tusidhani sisi ndio tunampeleka Yesu kule. Katika Mathayo 25 Yesu anasema yeye ndiye mwenye njaa, yeye ndiye mgeni. Tukifika tunamkuta yuko ndani tayari.

3. Wema wa familia unaanza kabla ya mlango wa jirani

Mwaka uliofuata, karibu na sikukuu ya Jamhuri, tuliketi tena mezani. Safari hii nilimwacha binti yangu aongoze kikao. Nitakueleza tuliyofanya, si kwa sababu ni makubwa, ila labda utapata moja la kuanzia.

Kwanza, tuliuliza kabla ya kununua. Mke wangu alienda kwa yule mama mjane, wakachambua mboga pamoja, akamwuliza kama dada, “Mwezi huu nini kinakusumbua zaidi?” Hakusema unga. Alisema ana deni dukani, na mwenye duka amekuwa akimtajia mbele ya wateja. Kumbe mwaka uliopita tulimpelekea sukari huku akiona haya kupita mbele ya lile duka! Tukalipa lile deni kimya kimya. Mwenye duka tulimwomba afute tu jina kwa daftari, asiseme ni nani.

Pili, tuliacha mistari miwili ya mahindi upande wa barabara bila kuvuna, tukatoa habari kwamba anayetaka aingie wakati wowote. Kijana wetu mkubwa aliona ni hasara. Nilimpa Walawi 19 asome kwa sauti. Akasoma, akanyamaza, kisha akauliza kama hata mistari mitatu inaweza. Tukaacha mitatu.

Tatu, tulifikiria Januari. Wewe unajua Desemba yetu ilivyo. Nauli za matatu zinapanda, watu wanasafiri, mbuzi anachinjwa, chapati zinapikwa sufuria nzima. Halafu Januari inaingia na karo, sare na vitabu, na hapo ndipo jirani analia peke yake. Tuligawa tulichokuwa nacho mara mbili, nusu ikangoja shule zifunguliwe.

Nne, kila mtoto alitoa kilicho chake. Mtoto akitoa pesa za baba, baba ndiye ametoa. Binti yetu alijitolea kufundisha watoto wa jirani hesabu asubuhi tatu kwa wiki. Mdogo alikuwa akiwatekea maji wazee wawili ambao watoto wao hawakuja nyumbani. Mkubwa alipeleka chai na chapati kwa walinzi wa usiku, siku ya Krismasi yenyewe, kwa sababu hao hulinda sherehe za wengine na yao hawaioni.

Tano, simu zilibaki nyumbani. Yesu katika Mathayo 6 anafundisha kwamba mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kuume. Mimi mkono wangu wa kushoto ndio ulikuwa umeshika kamera.

4. Jifunze pia kupokea

Hili ndilo lilinishinda zaidi. Siku ya Krismasi tulimwalika yule mama na watoto wake waje tule pamoja. Alikubali, lakini akasema hatakuja mikono mitupu. Moyo wangu ulitaka kusema, “Hapana mama, usijisumbue.” Mke wangu akanikanyaga mguu.

Akaja na kibuyu cha maziwa ya mursik, na mboga za kienyeji alizopika mwenyewe. Ziliwekwa katikati ya meza, na kwa ukweli ndizo zilizoisha kwanza. Mama yule aliomba kabla ya chakula. Aliombea shamba letu, akaombea ndoa yetu, akanitaja mimi kwa jina. Niliinamisha kichwa muda mrefu kuliko maombi yenyewe.

Mtu anayepewa kila siku na hakuna anayepokea kutoka kwake, anaanza kuamini hana kitu. Ukipokea mboga zake umemwambia yeye pia ni mtu wa kutoa. Hata Boazi alimkaribisha Ruthu mezani, akamega mkate pamoja na wavunaji. Hakumtumia sahani kule pembeni.

Na kijana? Alikuja na mama yake siku hiyo. Nilimtoa kando nikamwomba msamaha, maana mara ya kwanza nilikuwa nimemwomba mama peke yake, kana kwamba mtoto hana jina la kupoteza. Alisema, “Ni sawa.” Sijui kama ilikuwa sawa. Mwezi wa Machi alirudi kanisani. Anakaa nyuma, ngoma hajazigusa. Ninamwombea, na ninangoja. Msamaha wa Mungu nilipewa siku ile nilipotubu, lakini imani ya kijana ni lazima niijenge polepole.

Mpendwa, wiki hii usikimbilie sokoni kununua vitu vya kugawa. Anza kwa kuketi na watu wa nyumba yako. Jirani yenu anawajua. Anajua kama mnakuja kwake kama ndugu au kama wageni wenye kamera.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Katika mtaa wetu, ni nani atakayekuwa peke yake siku ya Krismasi? Taja nyumba, halafu amueni nani ataenda.
2. Umewahi kusaidiwa kwa njia iliyokuacha na aibu? Mtoaji angefanya nini tofauti?
3. “Mistari ya mahindi” ya familia yako ni ipi? Si lazima iwe shamba. Inaweza kuwa muda, gari, ujuzi au chumba cha wageni.
4. Kuna mtu ulimwaibisha ukidhani unamsaidia? Utaenda lini kwake, mikono mitupu?

MAOMBI
Baba, umetupa bila kutuaibisha. Tusamehe pale tulipochukua utukufu wako tukauweka kwa simu zetu. Fundisha nyumba zetu kuangusha masuke kwa makusudi, na kunyamaza. Waponye wale tuliowaumiza kwa mkono ule ule uliotoa. Krismasi hii tufikishe mlangoni kwa jirani kama watu wa nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.