Moshi wa Suratu Fussilat na Gesi ya Katikati ya Galaksi



Ndugu wasomaji, katika darsa zetu aya ya 11 ya Suratu Fussilat, inayotaja moshi, hutolewa mara nyingi kuwa ushahidi wa gesi inayoonekana angani leo. Kabla ya kuikubali hoja hiyo, nilitaka kujua wanaastronomia wanaijuaje gesi yenyewe.

Katikati ya Julai, saa nne usiku, ukiwa hapa Muganza, tazama kusini, juu, kati ya nyota za Nge na Mshale. Huko ndiko katikati ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru takribani 26,000. Macho hayapaoni, kwani vumbi lililotanda njiani huzuia karibu nuru yote ya kawaida. Nuru ya infraredi ina mawimbi marefu kuliko chembe za vumbi hilo, hivyo hupenya kiasi cha kutosha kupimwa.

Kila molekuli hufyonza mawimbi yake maalumu, na nuru ya nyota ikitawanywa huonyesha mistari myeusi mahali yalipofyonzwa. Mwaka 1996 Thomas Geballe na Takeshi Oka walitangaza kuiona kati ya nyota, kwa mara ya kwanza, ioni ya H3+: atomi tatu za hidrojeni zilizopungukiwa elektroni moja.

Mwanafunzi wa Hadithi hatapata tabu hapa. Kabla ya kutufikia, nuru hupita mawingu mengi, na kila wingu huongeza mstari wake, kama mpokezi aliyeingiza maneno yake katika matini (idraji). Watafiti huyatenganisha kwa kasi, maana wingu linalotujia au kutukimbia husogeza mstari wake. Kisha hulinganisha mapokezi: monoksidi ya kaboni hukaa zaidi katika mawingu mazito, ilhali H3+ hupatikana hata katika mepesi. Joto hulijua kwa kulinganisha mistari ya molekuli zilizotulia na ya zile zinazozunguka kwa nguvu zaidi. Mwaka 2005 Oka na wenzake walieleza gesi nyepesi karibu na kitovu, yenye kelvini 250 hivi, yaani nyuzi 23 chini ya sifuri. Kwa gesi ya huko, hilo ni joto!

Sasa turudi kwenye aya. Ibn Kathir aliufasiri moshi huo kuwa mvuke uliopanda kutoka majini ardhi ilipoumbwa. Gesi ya Oka imo ndani ya galaksi iliyokwisha kuzeeka, na sehemu yake ilitemwa na nyota zilizokufa.