Ruzuku Inafuata Kaya, Haifuati Ugonjwa

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii wilayani Nkasi kwa miaka mingi, kutoka Namanyere mjini hadi Kirando na Wampembe kule ziwani. Hapa najibu maswali yanayoninyima usingizi. Anayetaka kujua TASAF ni nini amuulize mtendaji wake.

Barua nne, kutoka Chala, Kate, Isunta na Kabwe, zinauliza jambo moja: "Mimi ni kipofu", "miguu yangu haifanyi kazi", "nina kisukari". Mbona silipwi TASAF, na jirani yangu mzima wa afya analipwa?

Wazee wangu, uvumi kwamba ugonjwa au ulemavu ndio tiketi ya TASAF umewatesa watu kuliko umaskini wenyewe. TASAF si pensheni ya ulemavu, wala hakuna ruzuku ya kisukari. Mpango wa kunusuru kaya maskini unapima kaya: mnaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kwanza mkutano wa kijiji unataja kaya zisizo na kipato cha uhakika, zinazokosa milo, zinazoishi kwenye nyumba duni. Kisha wanakuja watu wa dodoso, wanauliza paa, mifugo, shamba, watoto. Majibu yanapimwa, halafu orodha inarudi mkutanoni isomwe mbele yenu. Kipofu mwenye ng'ombe kumi na maduka mawili anaachwa, na ni haki aachwe. Jirani "mzima" huenda analea wajukuu watano kwa robo eka ya mahindi.

Je, ulemavu hauhesabiwi kabisa? Unahesabiwa, baada ya kaya kuingia. Awamu ya pili, iliyoanza Februari 2020, iliweka ruzuku ya ziada kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Na kaya isiyo na mtu mwenye nguvu za kazi haisukumwi kwenye ajira za muda, zile siku 60 kwa mwaka za kuchimba mabwawa na kupanda miti. Kwa hiyo acheni kukimbilia hospitali kutafuta karatasi ya daktari mkidhani ndiyo tiketi. Nendeni mkutanoni. Wengi walioniandikia, siku ya mkutano walikuwa shambani au walikaa nyumbani kwa kukata tamaa, kisha wanalaumu mwenyekiti.

Swali lingine: kuna kijana anazunguka na fomu za TASAF, anadai shilingi 10,000.

Msimpe hata senti. Mpelekeni kwa mtendaji.

Nilikatwa vidole na mashine kazini, nikalipwa fidia mara moja. Naambiwa sitaingia tena kwenye ruzuku maisha yangu yote. Kweli?

Si kweli, mwanangu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo unalipwa pensheni kila mwezi. Pensheni ya kila mwezi ni kipato cha uhakika, na kijiji kitaihesabu. Fedha ya mkupuo iliyokwisha kwa matibabu na karo si kipato tena. Sema ukweli wote siku ya dodoso. Ukificha, mkutano utakuumbua. Na wenzako walioumia juzi wasikae kimya: ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Mwajiri anayesema "tumalizane wenyewe" anakunyang'anya haki yako, kwa sababu mchango wa mfuko huo ni wajibu wake yeye, haukatwi kwenye mshahara wako.

Binamu yangu Unguja analipwa 50,000 kila mwezi kwa uzee tu. Sisi je?

Hiyo ni Pensheni Jamii ya Serikali ya Zanzibar, kwa wenye miaka 70 na zaidi. Huku bara haipo.

Mganga amesema mtoto mwenye degedege asipelekwe kliniki hadi dawa alizompa ziishe.

Mpelekeni leo. Mganga huyo anacheza na uhai wa mtoto. Isitoshe, sehemu ya ruzuku ina masharti: watoto wadogo kliniki, wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku. Mkikosa, inakatwa, na mganga hatawarudishia.

Tukichukua mbolea ya ruzuku tutaondolewa TASAF?

Hapana. Ile iliyozinduliwa Mbeya Agosti 8, 2022 ni ya mkulima aliyesajiliwa, maskini na tajiri. Mwenye ulemavu anayelima asajiliwe kwa jina lake, si kwa jina la kaka yake.

Mama, binti yangu ana miaka 11, hatembei wala haongei. Siku ya dodoso nilimwacha chumba cha ndani, sikumtaja. Nilifanya vibaya?

Ulifanya vibaya, mama, lakini najua masimango ya majirani yalivyokufikisha hapo. Kwenye hesabu ya serikali nyumba yako ina watu wanne badala ya watano, na ruzuku ya ulemavu ya binti yako haijaombwa na mtu yeyote. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati yao hadi ngazi ya kijiji. Waone hao, kisha mratibu wa TASAF pale halmashauri, uombe taarifa za kaya zirekebishwe. Nenda naye. Mbebe mgongoni ikibidi, utaje jina lake na umri wake, na usiondoke mpaka uone wameandika.