Kuiandaa Nafsi kwa Ajili ya Uzee

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na huo ndio umri ambao watumishi wengi wa umma hulazimika kustaafu, ingawa wanaweza kuondoka kwa hiari wafikishapo miaka 55. Kaya nyingi hujiandaa kwa kumalizia nyumba, kununua shamba na kufuatilia mafao, nayo ni mambo ya lazima. Lakini maandalizi ya nafsi, yaani namna mtu atakavyojiona na kujithamini baada ya kuacha kazi, mara nyingi hayaanzi hadi siku ya kuagwa.

Siku hiyo haupotei mshahara peke yake. Mwalimu mstaafu huendelea kuitwa mwalimu mtaani, lakini hana tena darasa linalomsubiri asubuhi, na hicho ndicho wanasaikolojia wanachokiita kupoteza dhima, yaani nafasi inayomfanya mtu ategemewe na wengine. Kwa hiyo inafaa dhima nyingine, iwe katika kikoba, kwaya, madrasa au bustani ya mboga, ianze kukua miaka kadhaa kabla, wakati nguvu na kipato bado vipo.

Kuhusu kuuzoea uzee wenyewe, Paul Baltes na Margret Baltes, wanasaikolojia wa Ujerumani, walieleza mwaka 1990 kwamba anayezeeka vyema huchagua machache aliyo na haja nayo zaidi, huyafanyia mazoezi, na hufidia kilichopungua kwa njia nyingine. Bibi anayeshona kofia kwa mkono anaweza kuacha mashono magumu akabaki na yale anayoyamudu vizuri, akahamisha mkeka wake karibu na mlango penye mwanga, akavaa miwani, na kumwita mjukuu amtungie uzi kwenye tundu la sindano. Kofia huchelewa kwisha, lakini ni yake.

Hapo ndipo familia hukosea, tena kwa mapenzi. Watoto humpokonya mzee jembe, ufunguo wa stoo na hata kikapu cha sokoni wakiamini kwamba wanampumzisha, kumbe wanamwondolea hisia ya kuyamudu maisha yake, ambayo ni mhimili wa afya ya akili katika umri huo. Maneno ya nyumbani nayo yana uzito: utafiti wa Becca Levy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha watu 660 wa Ohio, Marekani, ulionyesha kuwa waliouona uzee wao kwa mtazamo mwema waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya.

Sonona, yaani huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi na kuondoa hamu ya chakula, usingizi au mazungumzo, si sehemu ya kawaida ya uzee. Ni ugonjwa unaotibika, na mgonjwa afikishwe kituo cha afya. Hata hivyo, si kila ukimya ni sonona. Mzee aliyeacha kwenda barazani huenda hajawachoka wenzake, bali hasikii tena wanachosema na anaona haya kuomba warudie. Kwa hiyo masikio yake yapimwe, na macho pia, kwa kuwa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.